Siku Tatu za Mita

Wahenga walisema maji moto hayachomi nyumba. Walisema kweli, ila sidhani kama kuna hata mmoja wao aliyewahi kuwasha boila la kuni mara nne kwa siku, kila siku ya Mungu, kwa miaka miwili mfululizo. Nyumba ya Mkasi haikuungua hata kitasa. Aliyekuwa akiungua ni Mkasi mwenyewe, tena polepole, kwa moshi mwingi na mwali kidogo.

Jina hilo la Mkasi alilipata kazini. Alikuwa mkata vitambaa katika karakana ya kushona sare za wauguzi, na waliomwona wanasema alikuwa akipanga mapande thelathini ya kitambaa, moja juu ya jingine, akayakata yote kwa mkupuo mmoja bila hata moja kupishana na mwenzake. Msimamizi wake, mama mkali ambaye sifa kwake zilikuwa adimu kama maziwa ya kuku, aliwahi kusema mara moja tu kwamba mkono ule haufundishwi. Kisha mama mkwe wa Mkasi akapatwa na ugonjwa wa viungo. Vidole vikavimba, magoti yakagoma, na daktari akaagiza vitu viwili: vidonge na joto. Chumba kisipoe, mikono na miguu ilowekwe kwenye maji moto asubuhi, mchana na jioni. Mtoto wa pekee wa mama huyo ndiye mume wa Mkasi, na mume mwenyewe ni dereva wa lori la masafa, mtu wa kuonekana nyumbani siku nne kwa mwezi. Basi Mkasi akavua aproni, akarudi nyumbani kuwa mwashaji.

Boila lilikaa katika kibanda nyuma ya jiko, zito, jeusi, lenye tumbo la kumeza kuni za kutwa nzima. Tatizo halikuwa tumbo. Tatizo lilikuwa tangi la maji lililofungwa pembeni yake, la lita mia na hamsini tu, tena uchi kabisa, halina hata koti la kuzuia joto lisitoroke. Ukitia kuni nyingi, maji yalichemka, mabomba yakagonga utadhani kuna mtu kafungiwa ndani, na vali ikatema mvuke mpaka dirishani. Ukitia kuni chache, baada ya saa tatu maji yalikuwa yamepoa, na bamba la chuma la ukutani, lililopitishiwa maji hayo kupasha joto chumba cha mama mkwe, limekuwa baridi kama sakafu. Kwa hiyo moto uliwashwa alfajiri, saa nne, saa nane na magharibi. Kati ya moto na moto, Mkasi hakuweza kwenda mbali kuliko duka la kona.

Siku moja simu ikalia. Alikuwa yule msimamizi mkali, na hakuwa na salamu ndefu.

"Mkataji wangu anahama," alisema. "Meza ni yako ukiitaka. Jumatatu ya kwanza ya mwezi ujao nikikuona, nimekuona. Nisipokuona nampa mwingine, na sitarudi kukuuliza."

Mkasi alibaki ameshika simu, akaisikia kabisa harufu ya kitambaa kipya puani mwake. Jioni ile alimweleza mama mkwe, ambaye alikuwa ameloweka mikono katika beseni. Vidole vya mama mkwe vikaacha kucheza ndani ya maji.

"Kazi ni kazi," alisema.

Basi, hilo tu. Hakusema nenda, hakusema usiende. Mkasi alishinda kutwa nzima ya kesho yake akiyageuza maneno yale kichwani kama mtu anayetafuta upande wa mbele wa kitambaa, asiupate. Na mtu akikosa upande wa mbele, mara nyingi huishia kushona kinyume.

Mume, alipoelezwa kwa simu habari ya ile meza, ndiye aliyempata fundi wa kulitazama boila. Mabomba yote ya mtaa ule yaliwahi kupita mikononi mwa mzee mmoja mwembamba aliyeitwa Fundi Nukta, kwa sababu hakuna aliyewahi kumsikia akisoma kipimo bila nukta. Ukimwuliza saa ngapi, angeweza kukuambia saa tano nukta mbili. Alikuja Jumatatu asubuhi na mkoba wa vifaa na mizani ya kuning'iniza.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu fundi, karibu ndani."

"Ndani nitakuja baadaye. Kwanza nionyesheni huyu mnyama wenu."

Alilijaza tumbo la boila kuni kavu mpaka likakataa, bila kuwasha. Kisha akazitoa zote, akazitia katika gunia, akalitundika gunia kwenye mizani.

"Kilo kumi na tano nukta mbili," akatangaza.

"Hiyo nukta mbili ni magome, fundi," Mkasi alisema.

Fundi Nukta akamtazama kwa heshima mpya. Akafuta, akaandika kumi na tano, na huenda hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza.

Mama mkwe alikuwa ameletewa kiti mlangoni pa kibanda, amejifunika shali, anasikiliza kama mtu anayengoja hukumu yake isomwe. Fundi, ambaye alipenda kusikilizwa, akawageukia wote wawili.

"Watu wengi hudhani tangi hupimwa kwa kuhesabu wanaokoga," alisema. "Sivyo. Kuni si gesi, kwamba ukichoka unazima. Moto wa kuni ukishashika, umeshika, na joto lake lote lazima lipate pa kukaa. Tangi likiwa dogo, joto linakosa kiti, ndiyo hizo kelele zenu. Tangi likipita kiasi, maji yanabaki vuguvugu, hayamfai mtu. Sasa, kilo moja ya kuni kwenye boila hili inatoa yuniti tatu hivi za joto, yuniti kama zile za umeme. Tumbo likijaa, yuniti arobaini na tano. Swali langu ni moja: nyumba hii inakula yuniti ngapi kwa siku? Ikizila zote, tunaweka tangi kubwa la kubeba mzigo mzima, lita mia nane. Ikila nusu, tunaweka la mia nne, na tumbo mnalijaza nusu. Kwa vyovyote, moto ni mara moja tu kwa siku."

Mara moja tu kwa siku! Mkasi aliona hata pumzi yake imepata nafasi.

Fundi akafunga kifaa kidogo kwenye bomba linalotoka tangini, chenye kioo cha kusomea tarakimu. Hiyo, alieleza, ni mita ya joto. Kila joto linaloondoka, la bafuni, la jikoni, la bamba la chumbani, litaandikwa humo.

"Kwa siku tatu ishini kama kawaida yenu. Msijibane, msijionyeshe. Ijumaa nakuja kusoma."

"Na ikionekana tunakula kidogo?" mama mkwe aliuliza kutoka kitini.

"Kidogo ni heri, mama. Mwashaji anapumzika."

Fundi alipoaga, mama mkwe alishika fimbo yake akamsindikiza mpaka langoni, hatua kwa hatua, na magoti yale. Mkasi akashangaa kidogo, kisha akaenda kuwasha moto wa saa nne.

Siku ya kwanza ya mita, Mkasi alipoingia chumbani kwa mama mkwe alikuta bamba la ukutani limefungwa koki. Mama mkwe alikuwa kitandani na sweta mbili na shali juu yake.

"Mama, mbona umefunga?"

"Leo sioni baridi, mwanangu."

Beseni la asubuhi lilirudi jikoni kama lilivyokwenda. La mchana mama mkwe alilikataa hata kabla halijajazwa. "Mikono leo imetulia," alisema. Mikono haikuwa imetulia hata kidogo. Wakati wa chakula kijiko kilimwanguka mara mbili, na mara ya pili alijifanya anakitafuta kitu kingine chini ya meza.

Siku ya pili alikoga maji ya kopo moja. Nakwambia kopo moja, mtu mzima. Siku hiyo Mkasi aliwasha moto mara mbili tu, na maji yakabaki. Badala ya kufurahi, alisimama kibandani akaitazama ile mita kwa hasira, maana sasa alishaelewa, au alidhani ameelewa. Mama mkwe alikuwa akiidanganya mita. Mita ikidanganyika, fundi ataweka tangi dogo. Fundi akishaondoka, baridi itaendelea kuwa baridi, viungo vitauma kama kawaida yake, mabeseni yatarudi na bamba litafunguliwa. Hapo tangi dogo litaisha mchana, na nani atakuwa nyumbani kuwasha tena? Nani mwingine! Kumbe ile "kazi ni kazi" upande wake wa mbele ulikuwa huu: kazi yako ni hapa.

Alimpigia mume simu.

"Mama anabana maji."

"Anabana vipi?"

"Hafungui joto, haloweki mikono, anakoga kopo moja. Anasema haoni baridi."

"Mama akisema haoni baridi, basi haoni."

"Wewe uko kwenye usukani kilomita elfu moja kutoka hapa, umejuaje?"

"Sasa unataka nimwambie mama yangu ni mwongo?"

Mkasi hakutaka hivyo, wala yeye mwenyewe asingethubutu. Yako maneno ambayo mke wa mtu hamwambii mama mkwe wake, hata kama wanakula sahani moja miaka kumi. Akakata simu akaenda kupasua kuni ambazo hazikuhitaji kupasuliwa.

Siku ya tatu ndiyo ilikuwa mbaya. Alimkuta mama mkwe amekaa ukingoni mwa kitanda, ameishika sweta kifuani kwa ngumi, kwa sababu vidole vilishindwa kufunga vifungo. Mkasi alipiga magoti akamfungia, kimoja kimoja, vitano vyote. Vidole vya mama mkwe vilivyomgusa mkononi vilikuwa baridi kama vyuma. Hasira na huruma vikamjaa kwa pamoja, na hakujua kipi akimeze na kipi akiteme. Akavimeza vyote.

"Asante mwanangu," mama mkwe alisema. "Kesho fundi anakuja, siyo?"

"Anakuja, mama."

"Haya. Imebaki leo tu."

Ijumaa, Fundi Nukta alivaa miwani, akainamia mita, akapiga hesabu kwenye kijidaftari chake, akagawanya kwa tatu, akarudia.

"Yuniti kumi na tisa nukta nne kwa siku."

"Ni kidogo?" mama mkwe aliuliza upesi.

"Kidogo sana, mama. Nyumba hii ina watu wa kiasi. Lita mia nne zinawatosha na chenji."

Mama mkwe akapiga paja. Uso wake wote ukacheka, mpaka macho. "Mambo si hayo!" alisema. Akamgeukia Mkasi kwa furaha ya wazi kabisa, na Mkasi akaona ndani ya furaha ile ushindi wa mchana kweupe. Akainama kuokota kipande cha ukuni ambacho hakikuwa njiani mwa mtu.

"Mabati ya tangi nayakata kesho saa nne asubuhi," fundi alisema akifungua mita. "Nikishakata nimekata. Bati haliongezwi kama pindo la gauni."

Jumamosi Mkasi aliwasha moto wa alfajiri, akaaga kwamba anakwenda kununua sabuni. Sabuni ilikuwepo, miche miwili mizima, nyuma ya ndoo. Aliona aibu kutoka nyumbani kwa uongo kwenda kufichua uongo wa mwingine, lakini miguu yake haikuwa na aibu hata kidogo, ilikwenda mbio. Alifika karakana ya Fundi Nukta saa tatu na nusu, jasho linamtoka na baridi yote ile. Bati refu lilikuwa limelazwa juu ya meza, limechorwa chaki. Mashine ya kukatia ilikuwa bado haijawashwa.

"Dada! Kulikoni, boila limepasuka?"

"Halijapasuka, fundi." Maneno yote aliyoyapanga njiani yakamwishia. Akalitazama bati, akaitazama ile mistari ya chaki, na mistari ya chaki ndiyo iliyomwokoa, maana hiyo aliizoea. "Fundi, mimi ni mkata vitambaa. Katika kazi yetu, mteja akija kupimwa, wapo wanaobana tumbo. Wewe unazungusha futi, unaandika, unakata. Siku ya kuvaa, anavuta pumzi, vifungo vinaruka."

Fundi Nukta akavua miwani.

"Na sisi tumebana tumbo?"

"Tumebana, fundi. Siku zote tatu."

"Nani?"

Mkasi akaufuata mstari wa chaki kwa kidole. Fundi naye hakuwa mtoto wa jana.

"Aha," alisema. "Mficha uchi hazai. Basi mita yangu imepima mgomo, haikupima matumizi." Akavuta kigoda akakaa. "Lakini mimi sikati bati kwa maneno, dada. Nipe namba. Na mita nikiirudisha, atabana tena."

"Kuni," Mkasi alisema. "Kuni hazijui kubana tumbo. Muuza kuni analeta mkokoteni mmoja, tuliupima wakati mmoja alipogombana na mume wangu, ni kilo mia mbili na arobaini. Zinatufikisha siku kumi na tano. Zikizidi, ni siku kumi na tano na nusu."

Nukta ile ikampendeza fundi kupita kiasi. Akaandika. Mia mbili arobaini kwa kumi na tano, kilo kumi na sita kwa siku. Mara tatu, yuniti arobaini na nane. Toa kidogo zinazopotelea kwenye lile tangi lao lisilo na koti. Akapiga mstari chini, akapumua.

"Mzigo mzima," alisema. "Mia nane, hata si suala la kubishana. Na mimi nami ni mjinga, hili la kuni ndilo ningeuliza kwanza. La mia nne lingewaisha saa saba mchana."

Mkasi akaegemea meza. Mgongo mzima ulilegea, kama uzi uliokatwa. Na kwa sababu alikuwa amelegea, kilichokuwa ndani kikatoka bila kuombwa ruhusa.

"Ndicho alichokitaka. Nisiende kazini. Laiti angeniambia tu, fundi, angesema 'mwanangu, baki', mimi ningebaki. Lakini kunizungusha hivi!"

Fundi Nukta akafunga kijidaftari, uso wake ukibadilika taratibu.

"Nani hataki uende kazini?"

"Mama mkwe."

"Hapana, dada. Hapana, subiri." Akasimama, akakaa tena. "Siku ile ya kwanza alinisindikiza langoni. Unakumbuka? Alisubiri tufike mbali na kibanda, akanishika mkono. Akaniambia, 'Fundi, mke wa mwanangu ameitwa kazini. Nikitumia joto kidogo sana, hiyo mita yako itamruhusu aende?' Mimi nilikuwa nafunga mkoba, nina haraka. Nikamwambia, 'Itamruhusu, mama, bila shaka.' Nilidhani ni utani. Nilicheka, hata."

Mkasi alishika ukingo wa meza.

Mtihani. Mama yule alidhani mita ni mtihani. Alidhani kuna mahali, katika kioo kile kidogo, mtu ataandika ndiyo au hapana, na akaamua kufaulu kwa mikono yake miwili mibovu. Wala hakukusudia kuacha baada ya siku tatu. Mtu aliyefurahia lita mia nne vile alikuwa ameshajipangia kukaa na baridi msimu mzima, kila siku, na sweta mbili na kopo moja, ili mwenzake akakate vitambaa. Na Mkasi, mwenye jicho la kuona uzi mmoja uliopishana, hakuliona hilo. Alilia pale pale mbele ya fundi, kwa aibu kwanza, halafu kwa kitu kingine kitamu kuliko aibu, maana mzigo aliokuwa ameubeba wiki nzima juu ya mama mkwe wake ulikuwa wa uongo, na sasa umemdondoka.

Fundi Nukta alishika kitambaa, akafuta michoro yake yote ya chaki kwenye bati.

"Nenda nyumbani," alisema. "Mia nane."

Alirudi mbio kuliko alivyokuja. Alipitia kibandani, akatia kuni, akangoja maji yapate moto, akajaza beseni mpaka mdomoni, akaingia nalo chumbani bila kubisha. Mama mkwe alikuwa amekaa chini ya shali. Mkasi akaweka beseni miguuni pake, akaenda ukutani akafungua koki ya bamba mpaka mwisho.

"Mwanangu, mita..."

"Mita fundi ameondoka nayo jana, mama. Na haikuwa mtihani. Haikuwa ya kumruhusu mtu wala kumkataza. Ilikuwa inataka tu kujua tunahitaji kiasi gani, ili tupate kiasi hicho."

Mama mkwe alimtazama, akalitazama beseni, akamtazama tena.

"Hakuna aliyefaulu?"

"Hakuna."

"Siku tatu zote zile!" mama mkwe alisema. "Na mimi nilivyobana meno! Juzi nusura nimeze moja!"

Mkasi akaangua kicheko, naye mama mkwe akacheka, wakacheka mpaka shali ikaanguka ndani ya beseni. Kisha Mkasi akaishika ile mikono na kuizamisha majini, mikono yake mwenyewe ikiwa juu, na akasema lile alilokuja kulisema.

"Mama, mimi nilikuwaza vibaya. Nilidhani hutaki niende. Nisamehe."

Vidole vya mama mkwe vilikuwa vinaanza kufunguka majini.

"Ulipoacha kazi," alisema, "ulining'iniza mkasi wako nyuma ya mlango wa jiko. Kila nikipita pale nautazama. Miaka miwili natazama mkasi wa mtu. Unadhani ni raha?"

Tangi la lita mia nane lilifungwa siku kumi baadaye, limevishwa koti nene la kuzuia joto, kubwa kiasi kwamba ilibidi mlango wa kibanda ung'olewe. Jumatatu ya kwanza ya mwezi, alfajiri, Mkasi alijaza tumbo la boila kilo zote kumi na tano, akawasha, akafunga mlango wa chuma. Aliingoja ile milio ya mabomba kwa woga wa mazoea. Haikuja. Joto lilikuwa limepata pa kukaa. Kabla ya kutoka alisoma kipimajoto kilichofungwa tangini: nyuzi themanini.

Kutwa nzima mezani mikono yake ilikata vizuri, lakini kichwa kilikuwa kibandani. Saa nne, saa ya moto wa pili, alianza kuiacha meza bila kujijua, msimamizi akamtazama, naye akarudi. Saa nane hivyo hivyo. Je, kama fundi amekosea? Je, kama mama anakaa na baridi tena asiseme? Kengele ya kutoka ilipolia alikuwa wa kwanza mlangoni.

Aliingia nyumbani na viatu. Chumba cha mama mkwe kilikuwa na joto hata mlangoni. Mama mkwe hakuwemo. Alikuwa jikoni, amesimama kwenye sinki, bila shali, anajaza beseni, na maji yanatoka bombani yakifuka mvuke.

"Mama! Yametosha?"

"Nimekoga mara mbili," mama mkwe alisema bila kugeuka. "Nimeloweka mikono mara tatu. Nimefua shali. Halafu nikachoka kuyamaliza."

Mkasi alikimbilia kibandani. Kipimajoto kilisoma nyuzi hamsini na tano. Boila lilikuwa baridi, moto wake ulishakufa zamani, na maji bado yalikuwepo, mengi, ya moto, hayamtaki mtu chochote. Alisimama pale akiwa hana cha kuwasha. Hakujua aishikishe nini mikono yake.

Aliporudi jikoni, mama mkwe alikuwa amelisukuma beseni kwa fimbo mpaka mbele ya kiti.

"Kaa. Leta miguu."

"Hapana, mama, haiwezekani. Wewe ndiye..."

"Umesimama kutwa. Mimi nimekaa kutwa. Nani miguu inamuuma?"

"Mama, tafadhali."

"Sikukuomba, nimekwambia."

Mkasi akavua viatu. Mama mkwe akajishusha taratibu kwenye kigoda, akashika mguu mmoja, akauzamisha majini, kisha wa pili, na vidole vyake, vyenye joto na vyepesi, vikaanza kumsugua nyayo.

"Maji yana moto sana?" aliuliza.

"Hapana, mama," Mkasi alisema, machozi yakimshuka. "Yako sawasawa."